Anti, naenda Mtwara sina gari na wala silitaki, nitaweza?

Anti shikamoo.

Mi ni msomaji wako wa siku nyingi ila leo ndo mara ya kwanza kuandika. Nina miaka 31, nakaa Arusha, kazi yangu uhasibu. Katikati ya Januari ofisi inatupeleka Mtwara kwenye semina ya wiki nzima, Jumatatu mpaka Ijumaa, tupo wanne, mimi na dada mmoja na wanaume wawili ambao mmoja wao ndo bosi wangu wa kitengo. Tunafika Jumapili kwa ndege. Semina ikiisha wenzangu wanabaki wikendi kula bata kidogo alafu wanarudi, mimi nimeomba siku tatu za ziada nipite Lindi kumuona rafiki yangu tuliyesoma naye chuo.

Sasa shida yangu ni hii. Mi ni mtu wa mazoezi, yaani nisipokimbia siku tatu hata watu wa ofisini wanajua, nakuwa na kisirani. Alafu mwaka huu nimejiandikisha kilomita 21 kwenye Kilimanjaro Marathon pale Moshi, kwahiyo hiyo wiki ya Mtwara inaangukia katikati kabisa ya mazoezi yangu, natakiwa nikimbie angalau mara nne na moja iwe ndefu, kilomita 16 hivi. Na nikifika mji mgeni napenda kuujua kwa miguu, napita sokoni, napotea kidogo, naulizauliza, ndo raha yangu.

Bosi yeye kasema Mtwara mji umetawanyika, bila gari utakaa chumbani kama mwali. Kapata mtu wa kutukodishia Noah siku nane, anataka kila mmoja atoe laki mbili. Wenzangu wameshakubali kwenye grupu. Anti mimi laki mbili hiyo inaniuma, na sio kwamba sina, ila najua kabisa nitakuwa nakaa siti ya nyuma nasubiri watu wamalize bia zao ndo turudi. Nisipotoa wataniita bahili, tena yule dada ameshanitupia dongo, eti "mwenzetu ana miguu ya chuma".

Mama mkwe wangu naye katia neno lake, anasema Pwani ya Kusini ni watu wa dini, mwanamke kukimbia barabarani na taiti watu watanishangaa, na kule kuna joto nitazimia. Mume wangu anacheka tu, hana msaada.

Naomba unishauri. Nitoe hela nikae kimya au nisimamie miguu yangu? Na kama nisipopanda gari lao, nitaendaje huko na huko, nilale upande gani wa mji, nikimbilie wapi na saa ngapi? Ofisi inatupa hela mkononi kila mtu anajitafutia pa kulala, wenzangu wanataka gesti karibu na soko maana ni bei poa.

Ni mimi Miguu ya Chuma (nimeamua nijiite hivohivo), Arusha.

JIBU

Marahaba mwanangu Miguu ya Chuma. Barua yako nimeisoma kibarazani nikiwa nimeloweka miguu kwenye beseni maana na mimi leo nimetoka feri mpaka nyumbani kwa miguu, kwahiyo jua umemuandikia mtu wa chama chako. Mtwara nimekaa miaka ishirini na kitu na gari sijawahi kumiliki hata siku moja. Nimeshakodi mara moja tu, hiyo nitakuambia, vuta subira.

Bosi wako hajadanganya, mji umetawanyika kweli, na kutawanyika kwake kuna sababu. Hapa zamani palikuwa kijiji tu, mji mkubwa ulikuwa Mikindani na makao makuu ya jimbo yalikuwa Lindi. Waingereza walipokuja na ule mradi wao wa karanga baada ya vita vya pili wakachora mji hapa kwa ajili ya bandari ya kina kirefu, wakaweka nafasi kubwakubwa wakitegemea umati utakuja. Mwaka 1951 mradi ukafa, umati haukuja, zikabaki barabara pana na mtaa mmoja uko mbali na mwenzake. Kwahiyo mgeni akisimama Shangani akauliza sokoni wapi anaona kama yupo wilaya nyingine. Ila kutawanyika huko kwa mtu wa gari ni tabu, kwa mtu anayekimbia ndo neema yenyewe! Barabara ni tambarare, magari ya humu ndani sio mengi, hamna kona za kugongana na mkokoteni kila hatua kumi. We wa Arusha uliyezoea vilima na vumbi la kokoto utajiona umepewa uwanja.

Sasa pa kulala, na hili ndo naliona kubwa kuliko hata hilo gari. Usilale karibu na soko. Najua bei poa, lakini pale asubuhi ukitoka na raba unakutana na mabajaji na wapakuaji wa mihogo, na usiku muziki. Lala Shangani. Ongeza hiyo elfu kumi ishirini kwa usiku, bado hujaifikia hiyo laki mbili yao. Shangani ukifungua geti bahari hii hapa, barabara zina miti, na mjini ni kama kilomita mbili tatu tu, ukitaka unatembea, usipotaka bajaji. Ukikosa Shangani tafuta Ligula, nako pametulia.

Saa ya kukimbia. Mwanangu hapa usije na saa za Arusha. Jua letu Januari linachomoza kama saa 12 na dakika 10 asubuhi, kwenu siku hiyohiyo linatoka karibu nusu saa baadae, maana sisi tuko mashariki zaidi na kusini zaidi. Ina maana ile saa moja yako ya asubuhi ambayo Arusha bado unavaa sweta, huku jua limeshapanda linakuchoma kisogo. Watu wa huku wana salamu yao "Mtwara kuchele", Kimakonde hicho, yaani kumekucha, na mi naona mji mzima unaishi hivo. Saa 11 na nusu adhana imeshaita, wavuvi wanarudi, wamama wa maandazi wameshawasha moto. We toka saa 12 kasoro robo, mwanga upo wa kutosha kuona mashimo, ukifika saa moja kasoro uwe umerudi unaoga. Semina zote nilizowahi kuziona zinaanza saa mbili na nusu na chai inachelewa, kwahiyo muda unao.

Gizani totoro usitoke peke yako. Sisemi kuna ubaya mkubwa, ila kuna vipande Shangani nyumba ziko mbalimbali na vichaka, na mbwa wa kwenye mageti wengine wanaachiwa usiku na kufungwa kukikucha. Subiri uone kiganja chako vizuri ndo uanze.

Joto nalo mama mkwe hajakosea, alichokosea ni kudhani utazimia. Arusha mpo mita 1,400 hivi juu ya bahari, hewa nyepesi, baridi. Huku pumzi utaiona nyingi siku ya kwanza utafurahi utakimbia kama swala, alafu kilomita ya tatu jasho halikauki, tisheti imelowa kama umetoka kisimani, mapigo ya moyo yako juu na mwendo umeshuka. Hiyo ni unyevu, jasho haliondoki mwilini kwahiyo halikupoozi. Mwili unazoea, ila unataka kama wiki moja mpaka mbili. Jumatatu na Jumanne kimbia dakika 30 tu taratibu, ile ya kuweza kuongea na mtu bila kuhema, na hiyo saa yako ya kuhesabu kilomita ivue uiache chumbani maana itakukatisha tamaa bure, dakika nzima kwa kila kilomita inaweza ikapotea na wala hujaharibikiwa. Jumatano pumzika tembea. Alhamisi ongeza kidogo. Ile ndefu ya 16 iache mpaka Jumapili ya mwisho ambapo mwili umeshaelewa. Maji kunywa mchana kutwa, sio lita mbili kwa mkupuo saa 11 alfajiri, na chakula chako kitie chumvi usiogope. Dafu utapata. Ukisikia kizunguzungu, au unahisi baridi kwenye jua, au kichwa kinagonga, hapo hapo simama, kaa mtini, jimwagie maji, mambo ya kumalizia ruti achana nayo.

Mavazi sasa, maana najua hilo ndo linakukera zaidi na mama mkwe. Mi ni Muislamu wa hapahapa na nakuambia, kukimbia hakuna anayekukataza. Vaa taiti ndefu na tisheti pana inayofunika makalio, basi. Alafu beba kanga moja nyepesi, ifunge kiunoni au itie kwenye kibegi, ukimaliza kukimbia ukataka kuingia dukani au kupita mitaa ya ndani jifunge. Hiyo kanga itakufungulia milango zaidi ya hilo Noah. Na salimia! Huku ukimpita mtu mzima kimya na mbio zako atajiuliza huyu kakimbia nini. Mwaka jana kuna binti alipita mtaani kwetu spidi bila kusalimia mtu, wazee wawili wa kwenye bao wakasimama kabisa wakaangalia nyuma yake wakitegemea kumuona mwizi. "Shikamoo mzee" unaitupa hukuhuku unakimbia, wanakujibu wanaendelea na kete zao, umeisha. Wikendi alfajiri utasikia nyimbo na makofi barabarani, hao ni jogingi klabu, jiunge nao tu nyuma, hakuna anayekuuliza kadi.

Uwanja wa Nangwanda Sijaona nao upo kwa zile siku unataka kukimbia mwendo wa kasi, uzunguke kwa nje, wala huhitaji kuingia.

Kwenda huko na huko. Mchana kwa miguu usitembee kati ya saa tano na saa tisa, sio ushujaa ni ujinga, panda bajaji au boda. Bei usimuulize dereva kwanza, muulize mhudumu wa gesti au muuza maji, "hapa mpaka sokoni mnalipaga shingapi", alafu ukimfuata dereva unaitaja wewe. Mi safari za humu mjini mchana nalipa buku mpaka buku mbili. Boda ukimpata mmoja mwenye akili, anayeendesha taratibu na ana helmeti ya abiria, chukua namba yake, huyo ndo gari lako la wiki nzima, unampigia anakuja. Usiku bajaji, boda hapana. Na daladala za Mikindani hazikatiki, ndo mkombozi wetu sisi tusio na gari.

Hapo sasa tuje kwenye ile kilomita 16. Nenda kwa miguu, rudi kwa daladala. Yaani hii ndo siri yangu yote ya kuzunguka Mtwara, nimeitumia miaka yote. Watu wanakosea wanakimbia kwenda na kurudi, ile ya kurudi jua linawapiga usoni wanachukia mji. Mikindani iko kama kilomita 10 kutoka mjini kuelekea magharibi, kwahiyo asubuhi jua linakuwa mgongoni mwako. We anzia Shangani, zunguka hapo Shangani kwanza kilomita tatu za kupasha misuli, alafu shika barabara ya Mikindani, ukifika umeshafikisha 16 yako au pungufu kidogo. Kaa upande wa kulia wa barabara ili magari yakujie usoni uyaone, maana hiyo ndo barabara kuu ya kwenda Lindi na Dar na malori ya saruji yanapita. Likija lori shuka kwenye udongo, usishindane nalo.

Ukikaribia utaiona ghuba mkono wa kulia, maji yametulia kama ya kwenye sinia, mitumbwi imelala, mibuyu. Hapo acha kukimbia. Jifunge kanga. Tafuta mama wa vitumbua, yupo mmoja namfahamu ana kile chuma cha mashimo saba, anamimina mafuta kwa kijiko kidogo tundu moja moja, akimaliza la mwisho la kwanza limeshaanza kuvimba, analigeuza na kijiti cha chuma, chwii, ukilipokea linakuchoma vidole na iliki inakupanda puani. Kula viwili na chai ya rangi, vitatu ukipenda, umekimbia bwana.

Alafu panda ngazi uende Boma. Wajerumani walilijenga mwaka 1895, sasa hivi ni hoteli, limekarabatiwa vizuri, omba upande mnarani uone ghuba yote. Ukishuka tembea mitaa ya zamani, milango ya kuchongwa, nyumba za matumbawe nyingine zimebaki magofu. Watakuonyesha na nyumba inayoitwa ya Livingstone. Huyo mzee alitua Mikindani Machi 1866 na msafara wake, akaingia bara akitembea miaka saba mpaka umauti ukamkuta kwa Chitambo, Zambia ya leo, mwaka 1873. Hakukodi Noah. Mwambie bosi wako. Ila na historia ya utumwa ipo pale, usipite unapiga picha tu za kuchekacheka, muulize mtu mzima akueleze, bandari ile ilisafirisha watu.

Ukichoka simama barabarani, daladala hii hapa, saa nne upo chumbani unaoga.

Siku nyingine baada ya semina jioni vuka Msangamkuu. Kuna kivuko, MV Mafanikio, na kuna maboti, dakika chache tu upo ng'ambo, minazi na mchanga mweupe na kijiji. Kabla hujapanda kitu chochote muulize mwenyewe safari ya mwisho ya kurudi ni saa ngapi, na umuulize mtu wa pili pia. Ufukwe ule unafaa kukimbia peku maji yakiwa yamekupwa, mchanga unakuwa mgumu.

Na hapo kwenye maji nisikilize maana watu wa bara wengi mnakuja mnataka kuogelea mnakuta bahari imeondoka! Shangani maji yakipwa unabaki na miamba na majani na vile vitu vyeusi vya miiba mirefu, ukikanyaga utalia. Siku za mwezi mchanga na mwezi mpevu ndo bamvua, maji yanajaa sana na kupwa sana, na siku hizo kwa huku yanajaa alasiri kama saa kumi na yanakupwa saa nne asubuhi. Kila siku inayofuata yanachelewa kama dakika 50. Kwahiyo angalia mwezi wiki unayokuja, ukikuta mwezi mpevu umeangukia semina yako basi una bahati, ukitoka saa kumi na nusu bahari imejaa inakusubiri. Ukibahatika pia utapata ming'oko ya kuchemsha wanauza njiani, ni viazi vya porini vya kwetu huku, kula na chumvi, usimwambie mtu havina ladha, tutakukasirikia.

Haya, gari. Hapa ndo bosi wako ana haki nusu. Sehemu moja tu ya kweli inayotaka gari ni Msimbati. Iko kilomita arobaini na kitu kusini mashariki, ndani ya hifadhi ya bahari ya Mnazi Bay na maingilio ya Ruvuma, ufukwe wake sijaona wa kufanana nao huku Kusini, na njiani unapita Madimba kwenye mitambo ya gesi. Usafiri wa kawaida upo lakini unaondoka ukijaa na kurudi ni bahati nasibu, na Januari ni mvua. Kiingilio cha hifadhi kipo, mbebe hela.

Ile siku yangu ya kukodi gari ilikuwa ni hukohuko. Tulikuwa kina mama sita wa kikoba, tumepika pilau kwenye sufuria kubwa, dereva kijana anajiona. Tukamwambia mwanangu usishuke na gari mchangani, akasema mama hili lina nguvu. Likazama mpaka chesesi. Tumesukuma kuanzia saa saba, kanga viunoni, pilau linapoa kwenye buti, maji yanapanda, mpaka vijana wa kijijini wakaja na magogo na mashina ya minazi ndo likatoka saa kumi na moja. Bahari hata hatukuigusa. Na hela ya gari tulilipa yote! Kwahiyo mkienda, gari libaki juu kwenye udongo mgumu, hata dereva aseme nini.

Sasa nenda kwa bosi, ana kwa ana, sio kwenye grupu, kwenye grupu kila neno linageuka dongo. Mwambie "Bosi, Jumamosi ya Msimbati nipo na nyie, mchango wangu wa siku hiyo na mafuta huu hapa, siku nyingine nitajitegemea maana nakaa Shangani na nina ratiba ya mazoezi." Umpe hela mkononi wakati unaongea. Laki mbili kwa siku nane ni elfu 25 kwa siku, we mpe 40 ya hiyo Jumamosi, hakuna mtu atakuita bahili mwenye akili timamu. Yule dada wa dongo mwalike vitumbua Mikindani, aje na hilo Noah lao akukute umeshakaa umekunja nne unakunywa chai. Mi nadhani naye anatamani kukimbia ila anaona aibu, lakini hiyo ni kwangu tu.

Lindi haina mjadala. Ni kama kilomita 110, kosta zinaenda, masaa mawili na kitu kutegemea anavosimamasimama. Ukishapita Mingoyo, wengine wanapaita Mnazi Mmoja, angalia upande wa kulia utaanza kuona ghuba. Mji wenyewe mdogo, unatembea wote asubuhi moja, pwani, nyumba kuukuu za Wahindi, gofu la boma, alafu unavuka na kivuko kwenda Kitunda ng'ambo ukimbie huko. Huyo rafiki yako akikuambia mkodi gari kwenda Tendaguru kumuona mjusi, yule dinosaria mkubwa, kataa kwa upole. Mjusi mwenyewe Wajerumani walimchimba kati ya 1909 na 1913 wakampeleka Berlin, yupo huko mpaka leo amesimama kwenye makumbusho watu wanalipa kumuona. Kilichobaki kwetu ni kilima na nyasi.

La mwisho la afya, Arusha malaria kwenu ni kidogo mno, huku ipo tena sana. Lala kwenye chandarua, paka dawa ya mbu jioni unapotoka kukaa baharini. Na ukirudi nyumbani, hata wiki mbili tatu baadae, ukapata homa usiseme ni uchovu wa mazoezi, nenda kapime na umwambie daktari nilikuwa Mtwara, usiposema hatawaza.

Raba zikiloa maji ya chumvi zisuuze na maji baridi usiku huohuo, toa na zile soli za ndani, zianike kivulini zikiangalia chini. Ukiziacha juani kwa jua letu hili zitapasuka kabla hujafika Moshi.